Gari Letu Linakwenda Saba kwa Lita

Zuhura mwanangu,

Nakusikia chumba cha pili unagombana na zipu ya begi. Magharibi tumeshaswali, baba yako yuko barazani na redio yake, na mie nimejifungia jikoni, nimechana karatasi za katikati kwenye daftari la oda za pilau. Ukiniuliza nafanya nini nitakwambia nachambua mchele, kwa hiyo usiniulize.

Mambo ya kula, kuvaa, kufunga mlango na kuchagua marafiki nayaruka. Shangazi yako ana orodha nzima, atakusomea kesho asubuhi kabla hujawasha gari, na wewe msikilize tu kwa adabu. Mie nina neno moja, nalo linahusu hilo gari. Leo nimejaribu kukwambia mara mbili. Mara zote mbili nikaishia kukuuliza kama umekula.

Asubuhi baba yako alikuletea dumu la lita ishirini, akasema ulijaze petroli uliweke nyuma, safari ni ndefu. Ukamcheka. Ukasema, "La nini, baba? Nitavuta harufu ya petroli mpaka Iringa. Gari la mama halinywi, linalamba." Ukamweleza na mpango wako: unajaza tangi hapa Temeke, husimami Morogoro, husimami Mikumi, jua likizama uko Iringa kwa mwalimu mkuu unapokea ufunguo wa nyumba. Baba yako akanitazama. Mie nikaendelea kukata vitunguu.

Zuhura, gari hilo halilambi. Linakunywa. Tangi moja, pamoja na godoro lako, cherehani na yale maboksi ya vitabu, litakufikisha Mikumi kwa kubahatisha. Mbele ya hapo, kabla hujauona hata mlima Kitonga, utasimama njiani peke yako, pori kulia na pori kushoto, kwa sababu ya maneno ya mama yako. Nikikwambia namba tu utadhani woga wa safari umeniingia, utanibusu shavu halafu utafuata mpango wako. Nakujua, umenifanana. Kwa hiyo nakueleza uongo huo ulizaliwaje na umelelewa na nani.

Ulikuwa darasa la sita nililinunua. Ruksa ya biashara ilikuwa imeshaingia, maduka yamejaa, kila meli inateremsha magari ya Kijapani yaliyotumika, na mie pilau zangu zimeanza kuitwa mpaka Kawe na Msasani. Sufuria nilikuwa nazipeleka kwa mkokoteni, nikifika mchuzi nusu uko barabarani. Nikaliona lile gari kwa dalali mmoja Ilala, jeupe, mlango wa kuvuta pembeni, viti vya kukunja, likaniingia moyoni palepale. Dalali akanionyesha karatasi ndogo iliyobandikwa kioo cha nyuma, maandishi ya Kijapani yamezunguka namba kumi na tano. "Hiyo, mama, ni kipimo cha kiwandani. Lita moja, kilomita kumi na tano. Wajapani hawaandiki uongo kwenye kioo." Nikaamini. Mie na Kijapani wapi na wapi.

Sasa elewa na hili. Sie tuliolewa enzi za foleni. Mafuta kwa kibali, Jumapili mchana barabara tupu, gari zimekatazwa kutembea. Mtu aliyechezea petroli tulimwona kama mtu anayemwaga unga. Kwa hiyo siku gari linaingia mtaani, watu hawakuuliza limetengenezwa mwaka gani wala lina spidi ngapi. Waliuliza linakula kiasi gani. Na aliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote, mbele ya wanawake wote wa upatu wangu, ni baba yako mdogo Kondo. Akaegemea boneti, akasema, "Shemeji, mwanamke kufuga gari ni kujitafutia maradhi. Litakula mpaka sufuria zako."

Wanawake wakacheka. Wenzangu hao. Damu ikanipanda, mdomo ukatangulia. "Hili halinywi, shemeji," nikamwambia. "Linalamba. Lita moja, kumi na tano. Soma kioo."

Basi. Kuanzia hapo ikawa sifa yangu. Mtu akitaja petroli imepanda, mwingine anajibu, "Muulize Mama Zuhura, la kwake linalamba." Nikitembea mtaani nanyoosha shingo. Na wewe ulijisifia shuleni, nakumbuka, ulirudi unaniambia umemshinda mtoto wa daktari.

Mwezi wa kwanza tu nilijua. Sindano ya mafuta ilikuwa inashuka mie naitazama. Nikasema labda geji mbovu. Mwezi wa pili nikasema labda tangi linavuja, nikalaza gazeti chini ya gari usiku kucha, asubuhi gazeti kavu. Mtu mzima angekubali hapo. Mie nikaanza kulisaidia gari lifanane na maneno yangu.

Nilikuwaga najaza mafuta kwa kujificha. Sheli ya hapa mtaani nilikuwa naingia mara moja kwa mwezi, mchana kweupe, watu wanione nikitia kidogo na kuondoka. Zile safari nyingine zote nilikuwa najaza Ukonga, kule hakuna anayenijua. Fikiria, nachoma petroli kwenda Ukonga kuficha kwamba nachoma petroli. Akili ya mama yako hiyo.

Nikiteremka Pugu nazima injini kabisa, gari linaserereka lenyewe. Siku moja nimezima hivyo, breki zikawa ngumu kama jiwe, usukani haugeuki, na sufuria ya rosti ikaja mbele kunisalimia. Nilisimamia kwenye shamba la mihogo la watu. Baba yako alikuwa kiti cha pembeni, rosti imemlowesha mpaka kwenye soksi. Alichukua nyama moja kwenye paja lake, akala, akasema, "Chumvi sawa." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini mwanangu, usizime injini kwenye mteremko. Kitonga si Pugu.

Na kiyoyozi. Hapa nisamehe kwa moyo wote. Niliwaambia kiyoyozi ni kibovu kimekuja hivyo kutoka Japani. Kilikuwa kizima siku zote. Kinakula kama kilomita moja katika kila lita, nilipima kwa sindano, nikakifunga. Miaka minane mmeoga jasho humo ndani, wewe na wadogo zako, mnakwenda Kawe kwenye shughuli na nguo za sikukuu zimegandamana migongoni, kwa sababu mama hataki Kondo amcheke. Kile kitufe cha bluu karibu na redio, kibonyeze kesho kikupoze mpaka uchoke.

Hayo ya kujitesa wenyewe ningeyapeleka kaburini nikiwa nacheka. Kuna moja ambalo si la kucheka, na hili hujawahi kulisikia vizuri.

Unamkumbuka Fundi Saidi, aliyekuwa na gereji pale kona kwetu, mrefu, mwenye meno yaliyopishana. Mwaka wa tatu wa gari nilimpelekea, nikamwambia atafute linakopotezea mafuta. Akafungua, akasafisha plagi, akaangalia kabureta, akasema zima. Nikamwambia angalia tena. Akachukua chupa ya maji ya lita moja, akaijaza petroli, akaifunga juu na mpira, mpira akauchomeka kwenye kabureta, tangi akaliziba. "Twende, Mama Zuhura. Litakapozima ndiyo lita yako." Tukashika barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, yeye anaendesha, mie natazama zile namba za kilomita na moyo unadunda kama ninangoja majibu ya hospitali. Gari likakohoa, likazima. Kilomita nane.

Nikamwambia chupa imevuja. Akacheka, akadhani natania. Nikamwambia hajui kazi. Akaacha kucheka, akanijibu kwa upole tu, "Gari ni zima, mama. Linakula linachokula. Mwenye kumi na tano ni huyo aliyekuuzia." Nilishuka, nikapanda gari la kurudi Temeke, nikamwacha aje na gari peke yake.

Wiki mbili baadaye nilikuwa na shughuli Kawe, harusi kubwa, chakula cha Adhuhuri. Sindano ilikuwa kwenye nyekundu natoka nyumbani. Watu wako nje wananiaga, sheli ya mtaani nimeshaingia mwezi ule, nikaona aibu kuingia tena. Nikajiambia litafika. Likazima Mwenge. Na mie, Zuhura, nilikaa pale saa mbili nzima nimefungua boneti, nimesimama kama fundi, kila anayepita namwambia kabureta. Vijana watatu wamenifungulia kabureta na kuifunga. Mwishowe dereva mmoja wa teksi akaja, hakugusa kitu, akalitikisa gari kwa mkono, akatega sikio, akasema, "Mama, humu hamna mafuta." Nikamwambia haiwezekani, nimejaza juzi. Akaniangalia kwa huruma, akanitilia chupa moja ya kwake, likawaka palepale.

Nimefika Kawe Alasiri imeshapita. Wageni wamekunywa soda tu, wengine wameondoka. Mama wa bibi harusi hakunigombeza. Alikuja karibu, macho mekundu, akaniuliza, "Kwa nini hukutuma mtu atuambie?" Kwa sababu kutuma mtu ilikuwa ni kusema nimeishiwa mafuta, na mdomo wangu ulikuwa hauwezi. Nikamjibu, "Ni Fundi Saidi. Kaniharibia kabureta."

Neno lile likarudi Temeke kabla yangu. Nilipoulizwa nikalikoleza. Mama Zuhura kasema, basi limekwisha, nani atapeleka gari lake kwa Saidi. Kabla mwaka haujaisha gereji ilifungwa. Nikasikia kahamia Ukonga. Na mie sikurudi tena kujaza mafuta Ukonga, nilikuwa najaza Mbagala, nisije nikakutana naye.

Ndiye mama yako huyo. Pilau yake inasifiwa pwani nzima na alimhamisha mtu mtaani kwa sababu ya namba iliyobandikwa kwenye kioo. Tena namba yenyewe, mwaka jana nilimpikia Mjapani mmoja Msasani, akatoka kunisaidia sufuria, akaiona ile karatasi, akacheka sana. Nikamuuliza imeandikwa nini. Ni nafasi ya kuegesha. Mwenye gari wa kwanza alikuwa anaegesha nafasi ya kumi na tano, huko kwao. Nilimpa Mjapani nyama ya ziada ili anyamaze, ingawa sijui angemwambia nani.

Sasa leo. Mchana nilikwambia napeleka gari kujaza upepo matairi, ukashangaa nimeondoka na mizigo yako yote ndani. Nilikwenda Ukonga. Nilitaka mtu apime gari likiwa na mzigo, na katika Dar es Salaam nzima ninayemwamini kwa kipimo ni mmoja tu. Nimeuliza uliza, nikamkuta nyuma ya maduka, ameota mvi, wateja kama wanne wamekaa kwenye matairi wanangoja. Alinitambua kabla sijazima gari. Akasema "Karibu, Mama Zuhura," akaendelea kufuta mikono.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea. Nikasema mbele ya wale wateja, "Saidi, siku ile ya Kawe nilikuwa nimeishiwa mafuta. Kabureta ilikuwa nzima. Nilikusingizia." Halafu nikaanza kulia, mwanamke mzima na mtandio wangu, katikati ya vyuma.

Akasema, "Niliumia, mama. Mke wangu alikuwa na mimba, tukahama na mvua." Hakusema zaidi na hakuniambia si kitu, na namshukuru kwa hilo, maana kilikuwa kitu. Kisha akainama chini ya benchi akatoa chupa. "Hebu tuone kama umezeeka nalo pamoja. Na safari hii tunarudi wote, usinishukie njiani." Wateja wakacheka, na mie nikacheka na makamasi yangu.

Tumepima mara mbili, tumeelekea Pugu na kurudi, mzigo wako wote ndani. Saba, mara ya kwanza. Saba na kidogo, mara ya pili. Andika saba.

Nikirudi nikapitia Tandika kwa baba yako mdogo Kondo. Nikaona kama nimeanza nimalize. Nikamwambia pale pale mlangoni, "Shemeji, linakwenda saba. Halijawahi kufika kumi na tano hata kwa kuvutwa." Nilimngoja acheke. Akatazama nyuma kama kuna mtu ndani, akaniinamia sikioni, "Langu sita. Usimwambie mtu." Huyo ndiye aliyetangazia Temeke nzima kwamba pikapu yake inakwenda kumi na mbili. Nimeahidi sitamwambia mtu, na wewe si mtu, ni mwanangu.

Kwa hiyo tangi lako ni lita arobaini na tano. Mara saba. Fanya hesabu mwenyewe, wewe ndiye mwalimu. Utajaza hapa kesho, kwenye sheli ya mtaa wetu, hata kama mtaa mzima umesimama. Morogoro utajaza tena mpaka shingoni. Mikumi utajaza tena, hata ukiona sindano iko juu, kwa sababu Kitonga gari litapanda kwa gia ya kwanza likinywa kama lililotoka jangwani. Na dumu la baba yako litakaa nyuma. Nimeshalijaza, nimelifunga mfuko juu, harufu vumilia.

Baba yako nilimwambia nilipoingia. Akasema, "Nilidhani utamwacha aondoke hivyohivyo." Hakusema kwa ukali, lakini nalihisi mpaka sasa, maana kweli nilikuwa karibu. Asubuhi nilipokuwa nakata vitunguu, nilikuwa najiambia labda barabara ya lami itasaidia, labda upepo utakuwa nyuma yako. Nilikuwa tayari kukuweka wewe njiani, mwanangu wa kwanza, nisiitwe muongo. Hilo limenitisha kuliko simba wa Mikumi.

Sina la kukufundisha kubwa. Unakwenda pahala ambapo hakuna anayekujua, na wiki ya kwanza tu utasema jambo la kujisifia, kila mtu husema. Umepika, umesoma, umeona, unaweza. Likikutoka limekutoka. Lakini ukishaona halina ukweli, lirudishe siku ileile, likiwa bado dogo. La kwangu nililiacha likakua, likawa linakula watu.

Na hata ujaze kote huko, gari ni gari. Ipo siku utaishiwa. Inaweza kuwa mafuta, inaweza kuwa nguvu, au subira na wale watoto darasani, au hamu ya kukaa huko kabisa. Itakuwa mbele za watu, maana huwa hivyo. Utatafuta la kusema na mdomo utakuletea kabureta. Usiichukue. Nenda posta, piga simu ya kwa Mama Rukia hapa jirani, ataniita. Hata kama ni kesho, hata kama hujavuka Chalinze. Sema tu, "Mama, nimeishiwa." Sitakuuliza kwa nini wala nani kaona. Nitapanda basi nije.

Mamako.